Mama Mizani na Karatasi ya Ella

Pale Rusimbi, ukiuliza nyumba ya Skolastika unaweza kuzungushwa mitaa mitatu. Uliza kwa Mama Mizani, na hata mtoto anayecheza kwenye mtaro atakushika mkono mpaka mlangoni, kwenye meza yenye chupa za mawese zilizopangwa kwa kimo. Mawese ndiyo yaliyomlisha. Jina alilipata kwa mashairi.

Elimu yake ilikuwa darasa la saba tu. Ufundi aliurithi kwa baba yake, marehemu Anatoli, karani wa ushirika wa kahawa kule Kalinzi, mtu aliyevaa tai hata siku ya kupalilia. Anatoli alimkalisha kibarazani akamfundisha: kila mstari mizani kumi na sita, nane huku na nane huku, vina vya kati vifanane na vya mwisho vifanane. Kidole gumba kitembee juu ya viungo vya vidole vingine, kikihesabu. Mstari ukizidi hata kwa mzani mmoja, haufutwi, maana kufuta kunachafua karatasi. Unapika uji mzito wa unga wa muhogo, unakata ukanda mwembamba wa karatasi, unaubandika juu ya kosa, na juu ya ukanda unaandika mstari uliokaa sawa.

"Mungu hakuumba ovyo," Anatoli alikuwa akimwambia. "Jua kalipa njia yake, ziwa kalipa ukingo wake. Na wewe unapoandika, usimwage."

Skolastika hakumwaga. Miaka thelathini aliandikia harusi, ubatizo, kuaga mapadri, na zaidi ya yote misiba. Kidole gumba chake kilizoea mno hata kikawa kinahesabu chenyewe, padri akihubiri au mteja akilalamika. Ukimwambia, "Shikamoo Mama Mizani," alikuitikia, "Marahaba. Umezidisha mmoja," nanyi mkacheka wote.

Halafu akafa Feliksi.

Feliksi, mumewe, alikuwa fundi wa injini za boti. Miaka miwili iliyopita aliitwa Kagunga, kule karibu na mpaka wa Burundi, akatengeneze injini iliyokataa kuwaka. Aliitengeneza, akapanda boti la kurudi, na ziwa likachafuka. Siku ya nne maji yalimrudisha ufukweni Kagunga kulekule. Alifika Rusimbi amefungwa kwenye turubai kwa kamba ya katani, na wazee wakasema lisifunguliwe. Ndani yake, walisema wavuvi waliomleta, amefunikwa vizuri: mama mmoja aliyeolewa pale kutoka ng'ambo ya mpaka, aitwaye Astérie, alimvulia kitenge chake cha kiunoni. Kitenge cha pili cha mama huyo kilifungwa juu ya turubai, na hicho Skolastika alikifua, akakikunja, akakiweka sandukuni akisema siku moja atakirudisha kwa mwenyewe na shukrani juu. Hakuwahi kwenda.

Kaburini alisimama akasoma beti kumi na mbili. Sauti haikutetemeka mahali popote. Waombolezaji walitikisa vichwa kwa kustaajabu, na mzee mmoja akajisahau akapiga makofi. Ella, binti yao wa pekee, alikuwa na miaka kumi na tisa. Alijitupa juu ya udongo akipiga kelele, "Nifungulieni nimwone! Jamani, nifungulieni!" Skolastika aliinama akamwambia taratibu, kwa upendo wote aliokuwa nao, "Jikaze mwanangu. Watu wanatutazama."

Ella alijikaza. Kuanzia siku ile mtoto akawa amejikaza kweli, kama mlango uliovimba kwa mvua.

Aliendelea na shule, kidato cha tano na cha sita, Kiswahili kikiwa ndilo somo alilolipenda kuliko yote. Likizo moja, wakijaza mawese kwenye chupa, alisema, "Mama, unajua ugomvi wetu mimi na wewe ni wa zamani? Tumeusoma darasani. Wazungu waligombana hivihivi kwa miaka."

"Wazungu nao wana mizani?"

"Wanayo. Walikuwepo waliosema mshairi ni fundi. Awafuate waliotangulia, apime, afunze watu adabu, na akili ishike usukani. Huo wanauita urasimi mpya. Hao ni wewe na babu."

"Watu wa maana," Skolastika alisema. "Na wengine?"

"Wengine wakachoka. Wakasema mtu hana haja ya kuazima huzuni ya waliomtangulia, anayo yake. Aseme linalomuuma yeye, kwa sauti yake yeye. Atazame mlima, atazame maji, aseme yanamfanya nini moyoni. Huo ni ulimbwende."

Skolastika aliweka chupa chini akacheka mpaka machozi. "Ulimbwende! Si yale mambo ya kupita mbele ya watu na kushindania taji?"

"Mama, na wewe!" Ella naye alicheka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akasema bila kumtazama, "Ulipomsomea baba zile beti, uliwahi kumlilia?"

"Nilimlilia kwa utaratibu."

"Mimi sijaelewa mtu analiaje kwa utaratibu."

"Moyo ni maji, Ella. Bila chungu yanapotea ardhini."

"Na chungu kikiwa kimefunikwa siku zote, mama? Nani anakunywa?"

Skolastika alikuwa anahesabu, Mungu amsamehe, kama yale maneno ya mwisho yangetimiza mizani.

Ikakaribia misa ya kumbukumbu, miaka miwili kamili. Jumanne ya wiki ile Ella alimkabidhi mama yake karatasi moja, imeandikwa kwa peni ya wino mzito wa bluu. "Soma," alisema. "Usome tu." Akatoka kwenda Ujiji.

Skolastika alidhani ni maneno ya kusomwa kanisani. Alivaa miwani, akaanza:

*Baba,*
*nakudai uso wako.*
*Walikuleta umefungwa, nikazika turubai.*

Kidole gumba kilikataa hapohapo. Mstari wa kwanza mizani miwili! Wa pili nane, hauna mwenzake. Alishuka hivyo hivyo mpaka chini, jicho kwenye silabi, kidole kwenye viungo, akasikitika kama mshonaji aliyeletewa gauni lisilo na pindo. Hata hivyo hakukasirika, na hili lazima lisemwe. Alipika uji wa muhogo kwa furaha, maana aliona mtoto ameanza kuandika, anahitaji mkono tu. Akakata kanda, akabandika mstari kwa mstari, alama ya gumba lenye mawese ikibaki pembeni, na juu yake akaandika kwa mwandiko wake wa shule:

*Baba lala kwa amani, Mungu amekupokea,*
*Nasi huku duniani, yote tumeyaridhia.*

Zikatoka beti tano safi. Akanakili nakala moja akampelekea katekista Eliakimu, akiomba asimwambie Ella, iwe zawadi.

Jumapili, baada ya komunyo, Eliakimu alisimama na sauti yake nzito. "Shairi la binti wa marehemu, Ella, kwa baba yake mpendwa." Alisoma vizuri, mwenyewe akipendezwa na vina. Skolastika alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza mizani ikianguka mahali pake. Aliposikia *yote tumeyaridhia* alimgeukia mwanawe ili amwone akifurahi.

Ella alikuwa amesimama. Kanisa zima limekaa, yeye amesimama, mdomo wazi. Kisha akatoka kwa mlango wa pembeni. Skolastika alibaki kwenye benchi mpaka baraka ya mwisho, kwa kuwa si adabu kutoka kabla ya baraka.

Alipofika nyumbani, Ella hakuwepo. Mkoba haukuwepo. Simu ilisema haipatikani, na imesema hivyo mpaka leo.

Siku za kwanza aliwaambia majirani binti kaenda kwa shangazi. Siku ya nne alipanda bodaboda mpaka Kalinzi kwa dada yake, Agnesi, akamkuta anaanika kahawa peke yake. "Huku hajafika, mdogo wangu. Mmekosana nini?" "Hatujakosana." "Mtoto haondoki kwa hatujakosana," Agnesi alisema. Akaenda Ujiji kwa Armelle, aliyesoma na Ella. Armelle alimwamkia vizuri, akamletea kiti, akamwambia hajui, na macho yake yalikuwa yanasema hata ningejua nisingekwambia. Akaenda kituo cha polisi kuandikisha kwamba binti hajulikani aliko. Akarudi kanisani akapiga magoti mpaka yakafa ganzi, na alipojaribu kumlilia Mungu akakuta sala yake nayo inatoka nane kwa nane. Alishtuka. Alijaribu kuivunja, ikajipanga tena. Akainuka bila kusema amina.

Siku ya kumi na nne alikuwa haoni tena pa kwenda. Chakula kilikuwa kinamkwama, mawese yameganda mezani, wateja wanagonga wanaondoka. Aliichukua ile karatasi ya Ella, yenye kanda zake juu, akakaa nayo kitandani. Ndipo jambo dogo lilipomjia, dogo na la kutisha: hakumbuki ilisema nini. Mwanawe alimwandikia ukurasa mzima, akausoma juu mpaka chini, na anachokumbuka ni kwamba mstari wa tisa ulikuwa na mizani ishirini na moja.

Akachemsha maji. Akaishika karatasi juu ya mvuke mpaka uji wa muhogo ukalainika, akaanza kubandua kwa ncha ya sindano. Chini ya kanda palikuwa na doa tu la bluu. Uji ulikuwa umeulamba wino wote. Skolastika alitoa mlio ambao jirani wa ukutani aliusikia, akadhani ameungua.

Lakini ule ukanda, alipougeuza, ulikuwa umeyabeba maneno mgongoni, yamepinduka, yanasomeka nyuma mbele. Alikimbilia chumbani kwa Ella, akachukua kioo kidogo cha kujipambia, akashika kanda tatu za mwisho mbele yake. Maneno yakageuka, mojamoja, yakamtazama:

*Nitakwenda kukaa pale maji yalipokurudisha*
*mpaka wavuvi washushe taa zao.*
*Mama, kama utakuja, njoo hivyohivyo ulivyo.*

Alifungua sanduku. Kitenge cha Astérie hakikuwepo.

Kila mtu wa mwambao ule anajua wavuvi wa dagaa wanashusha taa lini. Dagaa huvuliwa kwenye giza, wakifuata mwanga wa taa. Mwezi ukijaa, taa hazina kazi, wavuvi wanazishusha, wanapumzika na kushona nyavu. Skolastika alitoka nje hivyo hivyo, hana kanga ya kichwani, akamwuliza mama muuza samaki aliyekuwa anapita, "Dada, dagaa wabichi wapo?"

"Wabichi watoke wapi, Mama Mizani? Taa zimeshushwa tangu juzi."

Asubuhi yake alikuwa Kibirizi, kwenye boti la abiria la kwenda Kagunga. Hajapanda boti tangu Feliksi alipokufa. Alikaa katikati, kama nahodha alivyomwelekeza, kati ya magunia ya unga na mwanamke mwenye kuku, akashika rozari na kushindwa kuitumia. Milima ilikuwa inateremka mpaka majini upande wa kulia, kijani kibichi, mizuri ya kuumiza, na yeye alikuwa anafikiri: atasema nini? Akikutana na mtoto, atafungua mdomo atasema nini? Akachukua peni na karatasi. Ndicho alichokijua.

*Mwanangu nimekukosa, naomba unisamehe,*

Mizani kumi na sita. Akatafuta cha kufuata. Maneno yanayoishia na *he* ni machache. La kwanza lililomjia lilikuwa *sherehe*, akaona aibu mbele ya Mungu. Boti lilipigwa na wimbi, abiria wakapiga kelele, wengine wakataja majina ya watakatifu wao. Skolastika hakusikia. Alikuwa anatafuta kina. Mpaka wanafika Kagunga, saa saba mchana, alikuwa na beti mbili zilizokamilika na roho imekauka kabisa.

Hakupata shida kumpata Astérie. Alikuwa ufukweni, mwanamke mkubwa mwenye mikono mipana, anageuza dagaa wa mwisho kwenye chanja. Kitenge kilichotoka sandukuni kilikuwa kiunoni mwake. Alimwona mgeni akija, akaacha kazi.

"Karibu, Mama Ella."

"Umenijuaje?"

"Mnafanana kutembea." Astérie aliitazama karatasi ya beti mkononi mwa Skolastika. "Ameondoka jana."

Skolastika aliketi mchangani palepale.

"Alikaa kwangu siku kumi na tatu," Astérie alisema. "Kazi alifanya, ana mikono mizuri. Taa ziliposhushwa akangoja siku moja zaidi. Boti likija anasimama hapa, watu wanashuka, anahesabu vichwa, anarudi kwenye chanja. Jana amevuka kwenda kwa mdogo wangu, ng'ambo ya mpaka."

"Ana simu?"

"Ego, ndiyo, anatumia ya mdogo wangu."

"Nipe namba, dada. Nakuomba."

Astérie alipangusa mikono kwa muda mrefu. "Aliniomba nisikupe."

"Kwa nini?"

"Alisema utakuja na shairi."

Karatasi ilikuwa mkononi, imekunjwa vizuri mara mbili. Skolastika aliitazama kana kwamba imewekwa hapo na mtu mwingine. Alitaka kusema hili si shairi, na lilikuwa shairi. Alitaka kusema nimebadilika, na kidole gumba kilikuwa kinatembea juu ya viungo, nane, nane, hata sasa, hata hapa. Alikishika kwa mkono wa kushoto akakibana chini ya paja.

"Basi nionyeshe mahali," alisema. "Hilo tu. Mahali alipotupwa baba yake."

"Si mbali. Umeketi karibu napo." Astérie alionyesha jiwe jeusi hatua chache, maji yakililamba. "Alikuwa amelala kwa ubavu, pale. Asubuhi. Mimi nimekuja kuosha sufuria nikadhani mtu amelewa. Uso ulikuwa bado mzima, mama. Walikudanganya waliosema usitazamwe. Kiatu hakuna. Mguu mmoja ulikuwa na soksi, ya kijivu, imeshonwa kidoleni kwa uzi mwekundu. Nikasema, huyu ana mtu nyumbani."

Uzi mwekundu aliutia yeye. Uzi mweusi ulikuwa umekwisha asubuhi ile, na Feliksi alilalamika, akacheka, akasema wataniona nimevaa bendera, akaivaa, akaondoka.

Kilichomtoka Skolastika hakikuwa neno. Kilianza chini tumboni kikapanda, kikamtoka mdomoni kikiwa hakina mwanzo wala mwisho, na waliokuwa wanashona nyavu mbali kule waliinua vichwa. Alitambaa kwa magoti mpaka kwenye jiwe, akalikumbatia, maji yakamwingia nguoni, akamwita mumewe kwa jina, akamtukana kwa kupanda boti lile, akamwomba msamaha, akamwita tena. Miaka miwili ilitoka kwa mkupuo mmoja. Karatasi ilimponyoka, ikaelea kidogo, ikazama, na hakuiona.

Astérie alisimama pembeni, hakumgusa. "Ihangane," alisema polepole, neno la kwao la kumtaka mtu avumilie, halafu akalirudisha mwenyewe. "Hapana. Usivumilie. Lia."

Ilichukua muda. Jua lilikuwa limeanza kuegemea Kongo ng'ambo ya ziwa Astérie alipotoa simu kifuani, akaifuta chumvi ya dagaa, akabonyeza, akaweka sikioni. Alizungumza Kirundi maneno machache. Kisha akachuchumaa kwenye maji, akamshikisha Skolastika simu.

"Yupo," alisema. "Hajasema atazungumza. Amesema atasikiliza."

Skolastika aliishika kwa mikono miwili, ili gumba lisipate nafasi. Upande wa pili kulikuwa na pumzi ya mtu na mlio wa mbuzi. Alifungua mdomo. Mistari yote aliyowahi kuandika ilikuwa imekwenda, hakuna hata mmoja uliobaki wa kumshika mkono.

"Ella," alisema. "Baba yako alikuwa na soksi moja. Ile niliyoshona mimi. Na uso wake ulikuwa mzima, mwanangu, ningekufungulia, ningekufungulia, nili..."

Alingoja. Mawimbi yalimpiga magotini. Upande wa pili mbuzi alilia tena, na pumzi ilikuwa bado pale, fupifupi, ya mtu anayejizuia.

"Sijui niseme nini," Skolastika alisema. "Usikate. Sina la kusema. Usikate tu."